Kuku wa Serikali Waliochinjwa kwa Wino

Upande wa Pujini, Pemba
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Salamu zangu nazitanguliza mbele, maana unanijua mwanao: maneno yangu yakitangulia, salamu hazipati pa kupita. U hali gani? Kifua kimetulia, au bado unakohoa na kuwaambia majirani ni vumbi la ufagio? Na goti lile la kushoto? Mie mzima wa kiwiliwili, alhamdulillahi, ila sauti imenikauka na nimekonda kidogo. Kidogo tu. Usianze kulia.

Na wewe Seif, ndugu yangu mdogo unayemsomea Mama barua hii, soma kama ilivyoandikwa. Usiongeze lako. Najua mchezo wako wa kusoma mstari mmoja ukameza mitatu, kwani kusoma nilikufunza mimi, na mchezo huo nilikufunza mimi pia. Habari ya mkaguzi imo humu, lakini imo kwa zamu yake. Ukiruka ukakimbilia mwisho, nitajua.

Mama, naona hapo mtaani bado wanakuuliza, "Mwalimu wenu harudi?" Waambie mwalimu ana kazi. Najua walicheka siku ile nilipoondoka hapo kwetu Ng'ambo na sanduku kichwani nikiaga nyumba kwa nyumba kama ninayekwenda Makka, na darasa la sita lenyewe nililiacha katikati. Wacheke. Mjomba alihangaika kunitafutia nafasi hii ya kushika watoto wadogo kwa majaribio, na masharti yake unayajua: mkaguzi akija akiridhika, narudi Unguja naingia chuo cha ualimu, nalala kwetu, nakula kwako. Asiporidhika, narudi pia, lakini kubeba magunia ya karafuu gatini nyuma ya Mjomba. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu tangu nilipofika huku, usiku na mchana.

Sasa nikwambie kazi yenyewe. Watu hudhani kufundisha wadogo ni kucheza nao. Mama, bora magunia! Gunia ukilitua limetua, halikufuati nyuma likilia. Hawa wangu mmoja anataka kwenda kukojoa, mwengine keshakojoa, wa tatu anamshitaki wa pili. Kamasi zao nafutia kanzu yangu, ile uliyonishonea ya Ijumaa, na iko vipi sasa usiniulize. Mchana nikirudi kwa Bi Time, bibi wa makamo ninayekaa kwake, najibwaga mkekani na viatu vyangu miguuni, naye hunivua polepole kama anayevua maiti, huku akisema, "Pole baba, pole, ilimu nzito." Muhogo naukuta umepoa. Naula hivyo hivyo.

Skuli yenyewe iko kilimani, lakini chumba kimoja kiliezuliwa na upepo kabla sijafika, na kilichobaki kimejaa wakubwa. Sisi wadogo tumepewa banda la chuo cha Kurani cha Shehe Faki. Asubuhi watoto wanasoma hesabu kwangu, na alasiri hao hao wanasoma Kurani kwake, mkeka ule ule. Shehe Faki ni mtu mrefu, mpole, haongei sana, na ndevu zake ni chache kiasi kwamba wiki ya kwanza nilifikiri kuzitumia kwa somo la kuhesabu. Nisamehe, Mama. Sikumwambia.

Siku ya kwanza nilifurahi bure. Nikauliza, "Nani anajua kuhesabu?" Wakainuka wote, wakahesabu kutoka moja mpaka mia kwa sauti moja, wanayumba kushoto na kulia kama wanaosoma kasida. Nikasema moyoni, Sudi, kazi yako imekwisha kabla hujaianza, ngoja mkaguzi tu. Nikachora vijiti vitatu ubaoni, nikamwita Kombo. Kombo ni mtoto mnene mwenye sauti ya mtu mzima. Babu yake ndiye mchinjaji wa kijiji hichi, na kwenye harusi yeye ndiye anayembebea kisu, kwa hivyo hapana anayembisha.

"Kombo, hesabu vijiti."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita..."

"Wee Kombo! Vijiti vimekwisha!"

"Vijiti vimekwisha, mwalimu," akanijibu, "lakini hesabu haijesha."

Akaendelea, na darasa zima likamsaidia mpaka mia.

Ilinibidi niwashike kidole mmoja mmoja, kijiti kwa kijiti, niwafunze kwamba kidole kikisimama na mdomo nao usimame. Wiki baada ya wiki, Mama. Jambo ambalo sisi hatukumbuki hata tulifunzwa lini. Jioni nikifumba macho naviona vidole vile vidogo, vyote vina masizi ya muhogo wa kuchoma, vyote vinapita kijiti cha mwisho na kwenda zao.

Walipoweza hilo, Mwalimu Mkuu wa kule kilimani akaniletea karatasi za serikali, zimeviringishwa, zina harufu ya dukani. Ukizikunjua, kuku watatu upande huu, kuku wawili upande huu, alama ya kujumlisha katikati, na mbele yake mahali patupu pa jawabu. Nyengine ng'ombe, nyengine paka, na moja, hasha lillahi, ina mbwa. Rangi zake nzuri sana. Nikazitundika zote ukutani, nikarudi nyuma nikazitazama, na watoto walipouliza nani kachora, nikawaambia ni mimi. Seif, acha kucheka. Nani angejua?

Kabla ya adhuhuri Shehe Faki akaingia. Akasimama katikati ya banda, akazitazama moja moja, mikono nyuma.

"Mwalimu," akasema. (Yeye huniita Mwalimu kwa heshima, si kama nyinyi.) "Mbwa hawa wamekuja kusoma juzuu gani?"

"Ni picha tu, Shehe. Za hesabu."

"Naona. Na alasiri tukisoma Kurani, watakaa ndani au watatoka nje?"

Nikawashusha mbwa hapo hapo. Lakini hakuondoka.

"Na hawa wengine?"

"Kuku, Shehe. Kuku wana neno gani?"

"Wana macho." Akakaa juu ya mkeka, akanionyesha na mimi nikae. "Nisikilize, mwanangu. Mie sikukatazi hesabu. Hesabu ni ilimu, hata mirathi haigawanywi bila hesabu. Lakini hapa watu wanasali, na viumbe wenye roho wamejaa ukutani. Wazee watanisema. Wakinisema mie si kitu, nimezoea. Lakini watawatoa watoto, na watakaoanza kutolewa ni wa kike. Basi watoe shingo."

"Niwatoe shingo, Shehe?"

"Tia mstari hapa." Akapitisha kidole shingoni mwake. "Kiumbe asiyeungana na kichwa chake hana uhai. Inakuwa sura ya kitu tu. Hapo na mie nitakuwa na la kuwajibu."

Niliona ni rahisi. Mwanao akiambiwa jambo hulifanya mara moja, na hulifanya sana. Tatizo, Mama, ni kwamba wino niliokuwa nao ulikuwa wa kusahihishia, mwekundu. Nikakaa mchana ule nikawapitia wote shingoni, kuku, ng'ombe na paka, hapana aliyesalimika. Nilipomaliza ukuta ulikuwa kama uwanja wa Idi Kubwa. Mimi wala sikuliona hilo. Niliona kazi safi.

Asubuhi yake watoto wakaingia, wakatazama ukutani, wakanyamaza. Darasa langu kunyamaza! Nikashika kijiti changu, nikakung'uta kanzu vumbi, nikauliza:

"Haya. Kuku watatu, na kuku wawili, jumla kuku wangapi?"

Kombo akainuka.

"Hamna, mwalimu."

"Hamna vyereje? Si hawa unawaona?"

"Washachinjwa."

"Wamechinjwa, sawa, lakini wapo! Kuku aliyechinjwa si kuku?"

"Si kuku, mwalimu, ni nyama." Na akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nyama haihesabiwi moja moja. Nyama hutiwa mafungu. Babu hukata, Bibi hutia mafungu."

Papo hapo mmoja wa nyuma akapiga ukelele, "Na paka! Mwalimu kachinja paka!" Hapo darasa likavunjika. Wako waliolia, wako waliotaka kuona kwa karibu, na mmoja akatapika uji wake wote juu ya mkeka wa Shehe. Na kwa kuwa nilishasema picha nimezichora mimi, sikuwa na pa kujificha. Ilipofika mchana kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu aliyetoka Unguja anachinja paka. Bi Time alinipakulia wali, akanitazama ninavyokula, kisha akaniuliza kwa huruma, "Kwani huko Unguja, baba, kuna njaa?"

Nikaziviringisha karatasi za serikali nikazisukuma nyuma ya kabati la misahafu. Nikaomba magunia makuukuu, nikayapasua, nikaanza kuchora mwenyewe kwa mkaa. Safari hii kweli mimi. Nikachora vitu visivyo na roho hata kwa mbali: vikombe, majembe, mashelisheli, vifuu. Unajua mkono wangu katika kuchora. Jembe langu lilikuwa zuri. Lakini siku niliyochora birika, Shehe Faki alipita akalitazama kwa muda, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, na huyu bata mbona umemsahau shingo?"

Sikubishana. Birika nalo nikalitia mstari.

Ukadhani sasa mambo yamenyooka. Siyo. Nikawawekea vikombe vitatu upande wa kulia na viwili upande wa kushoto. Vitatu wanavihesabu, viwili wanavihesabu. Nikiwauliza jumla, wananitazama.

"Vitatu vya huku," wanasema, "na viwili vya huku."

"Naam. Vyote pamoja?"

"Vitatu vya huku, na viwili vya huku."

Siku nyingi tulikwama hapo. Nilibadilisha vikombe nikaweka majembe, nikabadilisha majembe nikaweka mashelisheli, nikapiga kelele, nikabembeleza, nikaimba. Mvua zilikuwa zimeshika, banda linavuja, tumebanana upande mmoja kama vifaranga, na homa ikaniingia nikawa nafundisha nimejifunika shuka. Mama, huko nyumbani nimewahi kuchoka, lakini kazi niliyoifanya ilikuwa inaonekana: maji yamejaa pipa, kuni zimepasuka. Huku nachoka, na nikigeuka kuona nilichokifanya, naona vikombe vitatu vya huku na viwili vya huku.

Nilikuwa na mtoto wa kike anaitwa Mize, mjukuu wa Bi Time, mdogo kuliko wote. Tangu tuanze hakuwahi kutamka neno darasani. Nyumbani huniambia "mwalimu, kula" na kukimbia. Siku moja nimesimama mbele ya gunia, nimeinamisha kichwa, nikasikia sauti ndogo kutoka mkekani:

"Vya watu hivyo."

"Umesema nini, Mize?"

Akaziba mdomo kwa kanga. Kombo ndiye aliyemtafsiria, maana Kombo humtafsiria kila mtu. "Anasema vya watu, mwalimu. Hivi vya nyumba hii na hivi vya nyumba hii. Havichanganywi, watagombana."

Nikawaruhusu watoke mapema. Sikuwa na nguvu.

Lakini sikiliza ilivyokuwa. Wiki ile ile Bi Time alikuwa na maulidi. Vikombe vya kahawa havimtoshi, kama ilivyo kwa kila mtu, basi akanituma mimi, mwalimu mzima, kwenda kuazima kwa majirani. Kila nyumba ina alama yake: huyu kafunga uzi mweusi mkononi mwa kikombe, yule katia doa la rangi chini ya kitako, ili kesho kila kimoja kirudi kwao bila maneno. Nikarudi navyo vinagongana ndani ya kikapu. Mize alikuwa amekaa jikoni na sinia kubwa. Akavipokea, vitatu vya uzi na viwili vya doa, akavipanga vyote juu ya sinia moja, akanyanyua uso akamwambia bibi yake bila kufikiri, "Bibi, watu watano watakunywa mara moja."

Nilisimama pale mlangoni na kikapu kitupu, Mama. Nikaona nilivyo mjinga, na unajua mimi si mtu wa kuona hilo mara kwa mara.

Kesho yake nikachora sinia kubwa katikati ya gunia. Huku vikombe vitatu, huku viwili. Nikasema, "Leo nyumbani kwangu kuna maulidi." Wakachangamka. "Vikombe havinitoshi. Nimeazima vitatu kwa mama yake Kombo, na viwili kwa Bi Time. Nimevitia siniani. Wageni wangapi watakunywa kahawa mara moja?"

"Watano!"

Walipiga kelele mpaka Shehe akatoka msikitini kutazama. Kombo akauliza, "Na vikirudi kwao?" Darasa likamjibu, "Vitatu huku, viwili huku!" Nikawa nimewafunza na kutoa pia, bila ya kukusudia. Hilo la bila ya kukusudia libaki baina yetu.

Tangu siku ile tukafanya maulidi kila asubuhi. Tuliazima vikombe, sahani, mikeka, mpaka viti vya kijiji ambacho hakina viti. Mdomo wangu ukaota vidonda kwa kusema "nimeazima". Lakini walikuwa wanajua, Mama, wanajua kweli kweli, na nikaanza kumngojea mkaguzi kwa hamu, nikawa hata najiona nashuka melini Unguja.

Akaja. Haya Seif, zamu yake imefika.

Ni mtu wa Unguja kama sisi, tarabushi nyekundu, kamba za viatu zimefungwa vizuri. Gari lilikwama matopeni mbali, kwa hivyo alifika kwa miguu pamoja na Mwalimu Mkuu, suruali imeloa mpaka magotini, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kuridhika. Akavua viatu kizingitini, akaingia, akatazama magunia yangu.

"Haya madude ya nini?"

"Ni zana zangu, bwana."

"Huyu bata mbona ana mstari?"

"Ni birika, bwana."

Akanitazama. "Karatasi za idara ziko wapi?"

Mama, nilitamani kusema zimeliwa na panya. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa anazitafuta kwa macho, na akaiona ncha ya mviringo ikichungulia nyuma ya kabati. Akaivuta. Akaikunjua mbele ya watu wote, na wale kuku wakatokea, shingo zao nyekundu kama nilizichora jana.

Mkaguzi akasogea, akapitisha kidole juu ya shingo moja.

"Nani aliyewafanya hivi?"

Darasa zima, kwa sauti ile ile ya moja mpaka mia: "Mwalimu!"

"Na paka pia," akasema Kombo.

"Hii ni mali ya serikali," mkaguzi akaniambia. "Umeiharibu kwa amri ya nani?"

Shehe Faki alikuwa amekaa pembeni ya mlango na tasbihi yake. Nikamtazama, naye akanitazama. Neno moja lilitosha kunitoa: Shehe. Ningelisema, mkaguzi angeandika, halafu wangekuja wakubwa kutoka mjini Chake kumhoji mzee mbele ya watu wake, na wazee wangewatoa watoto siku hiyo hiyo. Nililiona lote hilo kwa mara moja. Na nililiona pia gati, na magunia, na wewe umesimama mlangoni. Unajua mdomo wangu haujapata kukosa jawabu, Mama. Siku ile ulikosa. Nilipolipata lilikuwa dogo tu.

"Mimi, bwana. Wino wangu."

Akaandika. Tasbihi ikasimama. Shehe Faki akasema kutoka pale alipokaa, bila kuinua sauti:

"Bwana Mkaguzi. Wino wake, ukuta wangu. Andika yote mawili."

Mkaguzi akanyanyua kalamu, akamtazama, akaiteremsha tena. Hakuandika la pili. Akaisogeza karatasi mbele ya watoto.

"Basi hawa hawa waliochinjwa," akasema. "Watatu, na wawili. Ni wangapi?"

Nikamwona Kombo anavuta pumzi, kifua kinajaa, na nikajua kinachokuja, hamna, ni nyama, nyama hutiwa mafungu. Nikaanza kusoma dua niliyoikumbuka. Lakini kabla Kombo hajafumbua mdomo, Mize akainuka. Ameziba uso kwa kanga, maneno yanatoka ndani ya nguo:

"Watatu wa nyumba hii, na wawili wa nyumba hii. Wamechinjwa maulidi, wanapikwa chungu kimoja. Watano."

Kombo akafikiri. "Ah," akasema, "ikiwa chungu kimoja, sawa."

Mwalimu Mkuu akageuka ukutani akakohoa kwa muda. Mkaguzi hakucheka, lakini aliuliza ya ng'ombe, akajibiwa. Akauliza ya paka. "Paka hawaliwi, bwana," wakamwambia, "lakini ni wanne." Akawauliza mmoja mmoja mpaka jua likawa utosini, na hapana aliyekosa ila mmoja tu, naye alikuwa amelala.

Kisha akaniita nje. Akakaa kizingitini avae viatu vyake.

"Sudi, watoto hawa wanajua kujumlisha," akaniambia. "Mwaka ujao watapanda darasa la kwanza, kule kilimani, kwa mwalimu mwenye cheti."

"Na mimi, bwana?"

"Wewe siwezi kukupeleka chuo cha ualimu mwaka huu. Nitasema nini kuhusu zile karatasi? Na kukufukuza siwezi, nimeona kwa macho yangu. Ama urudi kwenu, ama ushike wadogo wengine mwaka mmoja zaidi, kwa majaribio vile vile, halafu nitakuja tena nitazame. Nipe jawabu kabla sijamaliza kuvaa."

Akatia mguu wa kwanza, akafunga kamba taratibu, si mtu wa haraka. Mie nimesimama. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitaka kukaa pale chini pembeni yake. Nikafikiri kupanda meli wiki ile ile. Nikafikiri jiko lako na mkate wa kumimina unaotoka moto. Nikafikiri mwaka mwengine wa vidole vinavyopita kijiti cha mwisho, nianze tena moja, kwa watoto nisiowajua, na hawa wangu waende kwa mwengine watakapokuwa wamekwisha kuwa watamu. Kisha nikafikiri, nikiondoka ataletwa mtu, atazikunjua karatasi mpya, ataanza na kuku, na hatajua habari za sinia. Alipokuwa anafunga kamba ya kiatu cha pili nikasema nitabaki.

Kwa hivyo sirudi, Mama. Mwaka huu sirudi. Sikufukuzwa, na sikupita. Seif, ukifika hapa nyamaza kidogo, usisome, mpe Mama nafasi.

Umeanza tena kusoma? Haya. Mama, nipe radhi yako. Nilikuahidi utaniona naingia mlangoni na vitabu kwapani, na nilivyojisifu mtaani najua wewe ndiye utakayeulizwa. Waambie lolote. Waambie serikali imeniomba nibaki, siyo uwongo sana. Ila wewe nimekwambia ilivyo.

Nisalimie Mjomba wa gatini, mwambie asimpe mtu nafasi yangu ya magunia, huenda bado nikaihitaji. Nisalimie Shangazi muuza vitumbua, na vile anavyovila mwenyewe akisema anavionja tu, mwambie naamini. Dada Zuhura, bi harusi wetu, mwambie kaka yake hatakuwepo kwenye harusi yake, na jambo hili ndilo lililonichoma kuliko yote. Amwambie shemeji kwamba nikija nitamtahini hesabu. Babu msuka makuti, mpe mkono wangu, wa kulia. Na jirani yetu fundi cherehani, mwambie kanzu ile nahitaji nyengine, na safari hii ya kitambaa cheusi. Bi Time na Shehe Faki wanakusalimu. Shehe kaniambia nikuandikie kwamba umelea. Sikumuuliza umelea vipi, nisije nikaliharibu neno lake.

Barua nilitaka kuifunga jana lakini usingizi ulinishika na kalamu mkononi. Sasa ni asubuhi, niko bandani, nimekwisha fagia, na mtu wa kuipeleka Mkoani kwenye meli ananingoja nje. Leo mwaka mpya wa skuli umeanza, na wangu wa zamani wamekwenda kilimani. Hawakunitazama hata, wanakimbizana. Bibi mmoja ndiyo kwanza kaingia anamburura mjukuu wake, mtoto ameng'ang'ania mwimo wa mlango na mikono yote miwili, analia mpaka hana machozi. Nikamtoa vidole kimoja kimoja, nikamkalisha mkekani. Akakaa.

Mmoja. Nimesimama mlangoni namngoja wa pili.

Mwanao mtiifu ukiniona, na hata usiponiona,
Sudi